Hesabu Soketi, Usihesabu Vipande: Seti za Gereji ya Nyumbani Zinazouzwa Tanga

Kasha likifunguliwa juu ya kaunta ya duka la vifaa Ngamiani, jambo la kwanza utakaloambiwa ni idadi. Hili lina vipande 46, lile 94, na lile kubwa lenye vishikizo viwili lina 108. Bei inapanda pamoja na idadi, na mnunuzi anaondoka akiamini amepata kingi kwa sababu mkono umelemewa. Lakini gari lako halina kazi na vipande 108. Linataka soketi chache (vikombe vya kuvaa kichwa cha nati) zinazokaa vizuri, racheti (mpini wa kuzizungusha) isiyoteleza na ekstensheni (fimbo ya kurefusha) iliyonyooka.

Tufanye hesabu. Tuseme kasha la vipande 108 unauziwa shilingi 240,000. Kwa hesabu ya muuzaji kila kipande kimesimama kwa shilingi 2,222, bei ya kutupa. Sasa anza kutoa. Mara nyingi karibu nusu ya vipande hivyo ni biti za bisibisi: bapa, msalaba, nyota, pembe sita, nyingine za saizi ambazo hutazigusa maisha yako yote. Toa na soketi za nyota, ambazo kazi yake kubwa ni kwenye magari ya Ulaya. Toa zile ndogo za milimita 4, 4.5, 5, 5.5 na 6. Mwenye IST, Vitz, Probox au Noah anabaki na soketi za 8, 10, 12, 14, 17, 19, 21 na 30, ya plagi ya 16, racheti mbili na ekstensheni tatu. Hivyo ni vipande 14. Gawanya 240,000 kwa 14, kila kimoja kimekugharimu zaidi ya shilingi 17,000. Kwa bei hiyo kila kipande kati ya hivyo 14 kinatakiwa kiwe chuma cha kweli, na kwenye makasha mengi makubwa ya bei nafuu sicho.

Fanya hesabu hiyo kwa kila seti unayoonyeshwa, iwe ya Ingco, Total, Tolsen au ya jina ambalo hujawahi kulisikia. Andika kwenye karatasi saizi unazotumia, kisha uzitafute ndani ya kasha moja moja kwa kidole. Usikubali kusomewa karatasi iliyobandikwa juu ya kifuniko.

Saizi zenyewe hazibahatishwi. Kwenye Toyota, 10 inafungua vichwa vya betri, koili za moto na vifuniko vingi vya juu ya injini. 12 na 14 zinashika oltaneta na mabano yake, na 14 hiyohiyo ndiyo ya bolti ya kumwagia oili. Ukishuka kwenye breki utakutana na 12 au 14 kwenye kalipa na 17 kwenye mabano yanayoibeba. Shokapu na mikono ya chini ni 17 na 19. Nati za tairi ni 21. Nati ya eksli ya mbele ya IST ni 30, na wengi huikumbuka siku beringi ya tairi imeanza kulia. Mwenye gari la Kijerumani ana orodha nyingine: 13, 15, 16 na 18 kwa wingi, na bolti za tairi ni 17. Mwenye Toyota anayenunua seti kwa sababu tu ina 13, 15, 16 na 18 zinazong'aa amemnunulia jirani.

Kuna aina tatu za seti utakazoziona hapa mjini.

Ya kwanza ni kasha dogo la vipande 46, lenye mraba wa robo inchi, yaani kile kijiti cha pembe nne cha racheti kinachoingia nyuma ya soketi. Ndani kuna soketi 13 hivi, za 4 hadi 14, racheti fupi inayoenea kiganjani, mpini kama wa bisibisi, na biti nyingi. Kwa betri, koili, vifuniko vya plastiki, dashibodi na pikipiki ni kifaa kizuri sana, na kinafaa kukaa kwenye buti siku zote. Usikidai zaidi ya hapo. Kiwango cha kimataifa cha ISO 3315 kinataka racheti ya robo inchi ihimili Nm 62 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha) kwenye majaribio, ya tatu kwa nane Nm 202, na ya nusu inchi Nm 512. Hizo ni racheti zilizotengenezwa kwa kiwango. Ya bei ya chini kabisa inaweza kuwa chini ya hapo. Hivyo soketi ya 14 iliyomo kwenye kasha la robo inchi isikudanganye ukaipeleka kwenye kalipa.

Ya pili ni kasha la nusu inchi la vipande 24 hivi. Kwa kawaida lina soketi za 10 hadi 32, racheti, ekstensheni mbili za sentimita 12.5 na 25, jointi ya kukunja na mpini wa T. Halipendezi machoni, na muuzaji halitangulizi. Ndilo tunalolipendekeza kwa gari. Karibu kila kilichomo kina kazi, chuma kinatosha, na hakuna biti za kujazia nafasi. Angalia jambo moja: iwe ni seti inayoanzia 10 kweli. Baadhi zinaanzia 13 au 14.

Na hapo ndipo aina ya tatu, makasha ya 94 na 108, inapoangukia. Yanachanganya robo inchi na nusu inchi, na mengi yanagawa saizi hivi: 4 hadi 14 upande wa robo, 14 kwenda juu upande wa nusu. Maana yake 10 na 12 zipo kwenye mraba mdogo tu. Siku bolti ya 12 chini ya gari imeshika kutu, unabaki na racheti ndogo ya sentimita 15 mkononi. Mtu huchukua kipande cha bomba akakichomeka kwenye mpini ili apate nguvu, na kinachokatika si bolti bali meno ndani ya racheti. Mwingine hutia adapta ya kushusha nusu inchi kuwa robo. Mraba wa adapta hujinyonga kama pipi, kisha hukatikia ndani ya soketi. Seti haikuwa mbovu. Mgawanyo wake wa saizi haukufaa gari lile.

Seti za tatu kwa nane zinaonekana kwa nadra kwenye maduka yetu, jambo la kusikitisha, kwa maana kwa 8 hadi 19 hakuna mraba unaofaa kuliko huo. Ukiikuta yenye racheti nzuri, ichukue, kisha nunua soketi za nusu inchi za 21 na 30 peke yake.

Sasa racheti yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayobeba seti nzima. Ishike mkononi, zungusha mraba robo mzunguko, hesabu milio. Ukisikia 6, racheti ina meno 24. Ukisikia 18, ina meno 72. Tofauti yake utaiona kwenye nafasi iliyobana. Racheti ya meno 24 inahitaji nyuzi 15 ili jino linalofuata lishike. Kwa mpini wa sentimita 25 mkono unatakiwa kusogea sentimita 6.5. Ya meno 72 inataka nyuzi 5, yaani sentimita 2.2 tu. Nyuma ya oltaneta, kati ya injini na bodi, sentimita 6.5 mara nyingi hazipo. Lakini meno mengi kwenye racheti ya chuma laini ni hatari pia, kwa sababu kila jino ni dogo na hukatika mapema. Kwenye seti ya bei nafuu, racheti yenye meno mazito 36 au 45 ina faida kuliko ya 72 isiyo na uhakika.

Kisha jaribu hivi. Chukua bolti na nati yake, kaza kwa vidole tu, weka soketi na urudishe racheti nyuma. Kama nati inarudi nayo, racheti imekaza ndani, na itakusumbua kila utakapofungua bolti ndefu iliyokwisha kulegea. Shika mraba uutikise juu na chini. Mchezo mdogo si neno, lakini ukiyumba kama jino bovu, weka chini. Geuza kitasa cha kubadilisha upande mara kumi. Kitasa cha plastiki kitakufa kabla ya racheti. Mwisho igeuze uangalie mgongo wa kichwa: ukiona skrubu mbili au tatu, inafunguka ikasafishwa na kubadilishwa springi, ukikuta kifuniko kilichobanwa moja kwa moja, ikiharibika ni ya kutupa.

Kuhusu soketi, chagua za pembe sita. Za pembe kumi na mbili zinaingia kwa urahisi kwenye nati kwa sababu zina nafasi nyingi za kushika, lakini hushika karibu na ncha za pembe, na nati iliyoliwa na kutu inakwisha pembe mara moja. Angalia ndani ya mdomo wa soketi kwenye mwanga. Iliyotengenezwa vizuri haina pembe kali. Kila kona ina mviringo mdogo, ili nguvu ikae kwenye bapa za nati na si kwenye ncha. Angalia pia ukingo wa mdomo. Ukiwa umechongwa kwa mteremko mrefu, sehemu inayoshika inaanzia ndani sana, na nati fupi itashikwa kwa milimita mbili tu.

Mwenye kalipa ya kupimia aende nayo. Upana wa ndani wa soketi ya 10 usizidi milimita 10.2 hivi. Asiye nayo anunue nati mpya moja ya tairi ya Toyota na bolti moja ya kichwa cha 10 kwenye duka la spea, aingie nazo dukani. Soketi ikizunguka kidogo kabla ya kushika ni kawaida. Ikizunguka hadi unaiona kwa macho, hiyo ndiyo itakayokula vichwa vya bolti zako. Halafu itie kwenye ekstensheni uizungushe: mdomo ukichora duara pana badala ya kutulia, tundu la mraba halikukaa katikati. Ekstensheni nayo ibingirishe juu ya kioo cha kaunta. Ikiruka, imepinda.

Maandishi ya "Chrome Vanadium" ubavuni si ushahidi, kwani kila kiwanda kinaweza kugonga maneno hayo. Sumaku nayo haisaidii. Chuma kizuri na kibaya vyote huvutwa. Angalia namba. Iliyogongwa ndani ya chuma itasomeka baada ya miaka. Iliyochapwa kwa rangi itafutika kwa petroli ya wiki ya kwanza, na utabaki ukibahatisha 12 na 13 gizani.

Jambo jingine la nati za tairi: kama gari lina rimu za aloi, hakikisha soketi ya 21 ina ukuta mwembamba na ni ndefu. Soketi nene haiingii kwenye tundu la rimu, au inaingia kwa kukwaruza. Hili hugunduliwa barabarani, kwenye pancha, usiku.

Tufike kwenye nguvu. Nati ya tairi ya IST inakazwa kwa Nm 103. Kwa racheti ya sentimita 25, hiyo ni sawa na kuegemea ncha ya mpini kwa kilo 42, jambo linalowezekana. Nati ya eksli ni Nm 216. Kwa mpini huohuo ni kilo 88, na hapo hujagusa kutu. Ndiyo sababu racheti huvunjika kwenye kufungua kuliko kwenye kukaza. Dawa yake si bomba, ni mpini mrefu usio na meno, ambao mafundi huuita pawa ba. Ukiwa wa sentimita 60, zile kilo 88 zinashuka hadi 37. Haimo kwenye seti nyingi, kwa hiyo itengee fedha yake tangu mwanzo. Legeza kwa pawa ba, malizia kwa racheti. Mwenye kufuata utaratibu huo, hata racheti ya bei ya kati itamkalia miaka.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ni bolti ya oili. Kwenye injini ya 1NZ, iliyomo kwenye IST nyingi, inataka Nm 37 hivi, yaani kilo 15 tu mwisho wa racheti ya sentimita 25. Wengi huikaza kwa uzito wa mwili, uzi unakufa, na karata, lile bakuli la oili chini ya injini, inaanza kuvuja matone usiku kucha. Shika racheti katikati ya mpini, kaza kwa mkono mmoja, na weka washa mpya. Plagi pia: izungushe kwa ekstensheni na vidole mpaka ikae, ndipo utie racheti. Plagi ikikataa kuzunguka kwa vidole imeingia upande. Ukiilazimisha utaua uzi wa silinda hedi ya aluminiamu.

Wenye Land Rover za zamani na matrekta ya Kiingereza ya zamani, ambayo bado yapo kwenye mashamba ya mkonge kuelekea Muheza na Korogwe, wasinunue seti ya milimita pekee. Nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo 13 inakaa lakini inacheza, na kwa bolti iliyokaza itateleza. Tisa kwa kumi na sita ni 14.29: ya 14 haiingii, ya 15 inacheza mno na itakula pembe. Robo tatu ni 19.05, na 19 nyingi huibeba bila taabu. Waombe wauzaji soketi za inchi za kununua moja moja. Saba kwa kumi na sita, nusu, tisa kwa kumi na sita na robo tatu zinamaliza kazi nyingi.

Mtumba usidharauliwe. Soketi zilizotumika za KTC, Koken au Tone kutoka Japani, hata zikiwa zimefifia rangi, mara nyingi hushinda mpya zinazong'aa. Angalia nyufa kwenye ukuta, mraba uliopanuka, na mdomo uliotanuka kama kengele. Racheti ya mtumba ijaribiwe kwa nguvu kabla ya pesa kutoka mfukoni. Na seti zinazotembezwa kwa mkono stendi ya Kange, muuzaji ni yule wa waja leo waondoka leo; ikivunjika kesho hutamwona.

Soketi zote za rangi ya fedha tulizozitaja ni za mkono. Usizitie kwenye mashine ya upepo au ya umeme ya kufungulia tairi. Zimefanywa ngumu, na kwa kugongwagongwa hupasuka na kurusha vipande; jicho ndilo lililo karibu. Za mashine ni nyeusi, nene, za chuma cha kromu na molibdeni.

Hapa kwetu adui wa kudumu ni hewa ya bahari. Raskazone, Sahare, Chumbageni, hata Makorora, chumvi inafika. Kromu nyembamba hutokeza vidoa vya kahawia kwanza ndani ya tundu la mraba, kisha hubambuka kwa magamba makali yanayochana vidole. Soketi iliyoanza kubambuka mdomoni usiendelee nayo. Baada ya kazi, futa kila kipande kwa kitambaa kikavu, pitisha kingine chenye oili kidogo, ndipo ufunge kasha. Kasha lenye sponji linanyonya unyevu na kuukalisha juu ya chuma. Kama lako ni hilo, liache wazi kivulini mara moja kwa wiki au toa sponji kabisa. Bawaba za plastiki zinazokunjika hukatika mapema, hivyo kasha lenye pini za chuma lina thamani ya kuongezea elfu chache. Racheti itiwe matone mawili ya oili nyepesi. Grisi nzito hufanya jino la ndani lichelewe kurudi, na racheti inaruka mkononi ukiwa umeivuta kwa nguvu zote. Ngumi inaishia kwenye rejeta.

Kwa mwenye Toyota anayeanza leo, utaratibu wetu ni huu: kwanza kasha la nusu inchi la vipande 24, pembe sita, linaloanzia 10. Siku hiyohiyo pawa ba ya sentimita 60 na soketi ndefu ya 21. Mwezi unaofuata kasha la robo inchi la vipande 46, na soketi ya plagi ya 16 yenye sumaku au mpira ndani. Baadaye, pesa ikiruhusu, spana ya kupimia nguvu ya nusu inchi inayofika Nm 200, kwa ajili ya tairi na breki. Jumla vipande vinazidi 70 kidogo, vichache kuliko kasha kubwa, na 10 na 12 unazo kwenye miraba yote miwili.

Kabla ya kulipa, muulize mwenye duka kama anauza racheti na soketi za seti hiyo moja moja. Akikuambia anazo, nunua na 10 ya ziada palepale, kwa kuwa ndiyo ndogo inayodondokea ndani ya chasisi na isionekane tena.